Mama ameombwa kuingia kwenye utafiti wa dawa ya figo, tukubali?

Binti Rungwe
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naombeni mawazo, nyumbani tumegawanyika.

Mama ana sukari ya muda mrefu na presha. Vipimo vya karibuni vinaonesha protini nyingi kwenye mkojo, na figo zinachuja mililita 38 kwa dakika. Daktari anasema hajafikia hatua ya kusafisha damu, ila tukizubaa atafika. Sasa kliniki anakotibiwa kuna watafiti wanaotafuta wagonjwa wa aina yake kwa ajili ya dawa mpya. Wengine watapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kinachofanana nayo ila hakina dawa ndani, na si mgonjwa wala daktari atakayejua nani kapata kipi. Vipimo bure, nauli inarudishwa.

Baba mdogo amekuja juu, anasema shemeji yake anafanywa panya wa maabara. Mama mwenyewe anataka. Anasema isipomfaa yeye itatufaa sisi, maana sukari ipo kwenye ukoo. Fomu ya ridhaa nimeisoma, nilipofika ukurasa wa madhara nikaogopa. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mzee wa Ipinda
Pole mwanangu. Mtoeni huko. Kuna mizizi huku kwetu inachemshwa, watu wamepona figo. Nitakuelekeza.

Nesi Tukuyu
Mzee wangu, shikamoo. Najua unamtakia mema, lakini kwa hili nakuomba usimpe. Figo zilizochoka hazina nguvu ya kutoa kitu ambacho hatujui kina nini na kwa kipimo gani. Nimewapokea wodini watu waliokuja wamevimba uso na miguu baada ya dawa za kuchemsha.

Mleta uzi, mama akiumwa magoti au mgongo asinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani. Hizo zinazidisha tatizo, na watu wanazimeza kama karanga.

Daktari Kijana
Binti, kabla ya kujadili utafiti, mama anatumia dawa gani sasa hivi?

Binti Rungwe
Losatani na amlodipini za presha, na metformini ya sukari. Asubuhi na jioni, hakosi.

Daktari Kijana
Sawa. Metformini kwa figo za 38 dozi yake inatakiwa kuangaliwa upya, mkumbushe daktari wake. Msiikate wenyewe.

Tuje kwenye utafiti. Losatani anayomeza ilithibitishwa kuwa inalinda figo za wenye sukari kupitia utafiti wa wagonjwa 1,513 uliotoka mwaka 2001. Mwaka 2020 ukatoka mwingine wa dawa iitwayo dapagliflozini, wagonjwa 4,304. Nusu walipewa kidonge kitupu, lakini karibu wote waliendelea na losatani au dawa za jamii yake. Ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana wazi. Leo dawa hiyo wanaandikiwa wagonjwa wa figo kwa sababu watu walikubali kuingia. Na humo weusi walikuwa wachache sana, kwa hiyo mama yako ana hoja nzito kuliko anavyodhani.

Ila nami nina sharti langu. Nendeni mkaulize: atakayeangukia kidonge kitupu atapata dawa zote ambazo tayari zimethibitika? Mama hajaanza dapagliflozini. Je, ataruhusiwa kuanzishiwa, au utafiti unamzuia? Wakimtaka akae bila dawa inayojulikana kusaidia, bila sababu ya kitabibu inayoeleweka, mimi ningekataa. Ulizeni pia nani atalipia matibabu akidhurika, na dawa ikifanya kazi ataendelea kuipata baada ya utafiti kwisha? Muombe kuona kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mtafiti mkweli hakasiriki ukiomba.

Mama Wawili
Mimi niliwahi kuwa kwenye utafiti wa presha. Nilichopenda ni kufuatiliwa: nikikosa kufika wananipigia simu, majibu ya damu naelezwa mpaka naelewa. Baadaye nilihama mji nikajitoa. Hawakunigombeza, na kliniki yangu ya kawaida niliendelea nayo. Hilo la kujitoa liwepo kwenye fomu, litafute.

Binti Rungwe
Lipo, nimeliona sasa hivi. Lakini kuhusu dapagliflozini hakuna neno kabisa. Jumatatu tunaenda na baba mdogo pia, ayasikie mwenyewe.

Daktari Kijana
Vizuri sana kumchukua. Msisaini siku hiyohiyo, rudini na fomu nyumbani mkaongee. Kama wana haraka kuliko nyie, hiyo nayo ni dalili mbaya.

Nesi Tukuyu
Bebeni dawa zake zote na maboksi yake, na kama kuna mizizi alishaonja aseme bila kuona aibu. Utupe mrejesho dada.