Kuomba daftari la matoleo lisomwe, ni uasi?

Mwenye mada (Bukavu): Bwana asifiwe. Hapa kwetu, kanisa ambalo sitalitaja, tulichanga mwaka mzima kwa ajili ya manjanja (mabati) ya kuezeka upya. Wengine dola, wengine franga. Mama mmoja anayeuza samaki soko la Kadutu alileta beseni nzima ya sambaza, wale samaki wadogo, iuzwe. Mpaka leo mvua ikinyesha kwaya inasogeza mabenchi. Katibu wa kwaya alisimama kwenye kikao akaomba daftari lisomwe. Hakumwita mtu mwizi. Jumapili akasomewa Waebrania 13:17, "Watiini wenye kuwaongoza, na kuwanyenyekea", kisha akatengwa na Meza ya Bwana miezi mitatu.

Mimi nasema si uasi. Na nampenda mchungaji wangu: baba alipokufa alikesha kwetu siku mbili, akabeba maji pamoja na vijana. Lakini mstari ule haujaishia kwenye kutii. Unaendelea kusema viongozi wanakesha kama watu watakaotoa hesabu.

Mama wa Bagira: Mwanangu, hesabu hiyo watamtolea Mungu, si katibu wa kwaya. Kila avenue hapa ina kanisa jipya, na mengi yalianza hivyohivyo: mtu kuuliza, kukasirika, kwenda kufungua lake. Daudi alimkuta pangoni mfalme Sauli, aliyetaka kumuua, na hakunyosha mkono.

Mwenye mada: Kweli mama, hakumgusa. Ila Sauli aliporusha mkuki Daudi aliukwepa, hakubaki ameketi eti anatii. Na alipotoka pangoni alimwita "bwana wangu mfalme" huku ameshika kipande cha vazi alichomkatia. Alimheshimu na kumdai maelezo papo hapo.

Mkatoliki wa Kadutu: Mniruhusu jirani niseme. Februari 2000 wakuu wa RCD, waasi waliotawala hapa wakati ule, walimzuia Askofu mkuu Kataliko asirudi Bukavu, wakamweka Butembo hadi Septemba. Hakuna aliyetulazimisha kumtii mtu yule. Tulimtii kwa sababu yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuumia kwa maneno aliyotuambia.

Msoma teolojia (Goma): Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "watiini" pale linatoka kwenye kushawishika, kukubali baada ya kuelezwa. Halifuti utii, kwa sababu "kuwanyenyekea" kunafuata palepale. Ila kwa mambo ya makuta (pesa) mimi ningefungua 2 Wakorintho 8. Paulo anapeleka mchango Yerusalemu, na makanisa yanachagua ndugu wa kusafiri nao, ili mtu asipate la kumlaumu. Mtume mzima! Hakusubiri katibu wa kwaya amuulize.

Shemasi (Lubumbashi): Wote mnaongea kama kijana ni malaika. Paulo huyohuyo alimwambia Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Mimi nimehesabu sadaka miaka mingi, najua uvumi unavyomaliza mtu ambaye hakula hata franga moja. Aliuliza kikaoni tu, au na kwingine?

Mwenye mada: Kwa kweli, usiku uleule alituma sauti kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Humo kuna maneno ya gari la mchungaji.

Shemasi (Lubumbashi): Ahaa. Ulikuwa umeificha hiyo.

Mwenye mada: Niliificha, ndiyo. Hapo alikosea na nimemwambia. Lakini aliadhibiwa kwa swali la kikaoni. Sauti haikutajwa kabisa.

Mama wa Bagira: Basi aombe msamaha wa ile sauti, na daftari lisomwe. Hata mimi mume wangu ni mzee wa kanisa, daftari lao linakaa kabatini kwetu na halijawahi kuniuma. Lakini mwenye sambaza mnamtaja tu. Kuna aliyemuuliza?

Mwenye mada: Nilipita kwake jana. Alikuwa anamwagia samaki maji, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Mniambie manjanja zilinunuliwa ngapi."

Mama wa Bagira: Na ni ngapi?

Mwenye mada: Mama, si ndilo swali lililomtoa kijana Mezani.