Mzee kagundulika na kisukari, tununue mashine ipi ya kupimia nyumbani?

BintiPangani
Habari wadau, shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 63 anakaa Tanga mjini, alikuwa analalamika kiu na kuamka usiku kwenda kukojoa na macho yanaona ukungu, wakampima asubuhi hajala kitu ikasoma 11.4, wakarudia siku nyingine bado iko juu, basi wakasema ni kisukari aina ya pili. Kaanzishiwa metformin na glibenclamide, akaambiwa atafute mashine ya kupimia nyumbani ila hawakusema ipi. Mimi niko Dar, nimezunguka maduka ya dawa Kariakoo kila mmoja anasifia yake, kuna Accu-Chek, kuna Contour Plus, kuna On Call Plus, na kuna nyingine za bei ya chini kabisa majina yake hata sijawahi kuyasikia. Afu shangazi yuko Dubai anasema nisinunue chochote atatuma mpya kutoka huko. Mzee haoni vizuri maandishi madogo na nyumbani yuko na mama tu. Naombeni msaada jamani kwa mnaotumia hizi mashine.

Mzee wa Ngamiani
Marahaba mwanangu, na pole kwa mzee. Mimi na kisukari tumekaa miaka mingi, nakwambia usianze na mashine, anza na stripu, vile vipande vidogo vya kuwekea damu vinavyochomekwa kwenye mashine. Mashine unanunua mara moja, wengine hata wanaigawa bure, pesa yote inaishia kwenye stripu na stripu za mashine moja haziingii kwenye nyingine. Kopo la stripu 50 mtu akipima mara mbili kwa siku limekwisha siku ya 25, sasa piga hesabu ya mwaka mzima ndio uone ipi rahisi. Tuma mtu aende maduka mawili matatu karibu na anapokaa mzee, Tanga hapahapa sio Kariakoo, aulize stripu gani hazikosekani na kopo ni bei gani. Ile wanayokuwa nayo wakati wote ndio mashine yako.

Ya Dubai mshukuru shangazi ila mwambie atume hela ya stripu. Kule sukari wanaisoma kwa kipimo cha mg/dL, sisi huku hospitali zetu zinaandika kwa kipimo cha mmol/L, kupata ya kule unazidisha yetu mara 18. Yaani 7 ya kwetu kule ni 126. Mama akiona 126 kwenye kioo usiku wa manane atampakia mzee kwenye bajaji bila sababu, au mbaya zaidi daktari ataletewa daftari la namba asizozizoea. Na stripu zake zikiisha mtasubiri mtu anayerudi likizo?

nesi_kliniki
Dada hapo kwenye dawa usipapite haraka. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, ila glibenclamide inashusha kwelikweli hasa mtu akimeza afu asile au akala kidogo, na kwa mtu wa umri huo ni jambo la kuliangalia sana, mwulizeni daktari kliniki ijayo kama kuna dawa nyingine inayomfaa. Kwa hiyo kwa baba mashine ni ya kulinda usalama wake kabisa. Akitoka jasho la ghafla, akitetemeka, akianza kuongea vitu havieleweki, mama apime palepale. Ikiwa chini ya 3.9 apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, arudie kupima baada ya dakika 15, akipanda ale chakula. Kama hawezi kumeza au hajitambui asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na kama mashine haionekani dalili zipo, apewe sukari kwanza.

Kwa macho yake tafuta yenye kioo kikubwa na namba nene, na isiyohitaji kuingizwa kodi (namba ya kopo la stripu) au kile kichipu kila ukifungua kopo jipya maana kodi isipofanana na kopo majibu yanakuwa si sahihi. Contour Plus haina habari ya kodi na damu ikiwa haijatosha unaruhusiwa kuongezea kwenye stripu ileile, kwa mtu ambaye mkono unatetemeka hiyo inaokoa stripu nyingi. Ila kama stripu zake Tanga ni za kutafuta basi rudi kwa alichosema mzee hapo juu.

Tanga kuna joto na unyevu, stripu zikae kwenye kopo lake lifungwe mara tu unapotoa moja, zisiwekwe friji wala karibu na jiko wala ndani ya gari. Andikeni kwenye kopo tarehe mliyolifungua, kuna aina zinatakiwa ziishe ndani ya miezi mitatu au sita, soma boksi. Na anawe mikono kwa sabuni akauke vizuri, mtu akimenya embe afu akapima bila kunawa utaona namba ya kutisha ambayo haipo kwenye damu yake.

BintiPangani
Asanteni sana, hilo la mg/dL nisingelijua kabisa. Sasa hizi za bei rahisi nitajuaje kama hazidanganyi? Na mzee hufunga Ramadhani kila mwaka, kupima kunafunguza?

fundi_maabara
Angalia boksi kama limeandikwa ISO 15197:2013, ndio kiwango cha kimataifa cha usahihi wa mashine hizi, na muuzaji akuambie kama kifaa kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Hicho kiwango kinataka majibu 95 kati ya 100 yasipishane na maabara zaidi ya asilimia 15 sukari ikiwa 5.55 kwenda juu, na ikiwa chini ya hapo yasizidi 0.83. Kwa hiyo maabara ikisema 8.0 mashine ikasoma 7.1 au 8.9 hiyo haijaharibika, watu wengi wanatupa mashine nzima kwa sababu vidole viwili havikulingana. Siku anayokwenda kliniki abebe mashine yake, apime hapohapo anapotolewa damu ya maabara akiwa hajala, afu mlinganishe. Akiwa na upungufu wa damu mashine huweza kusoma juu kuliko hali halisi, mwambieni daktari.

mama_Likoni
Naongezea kutoka Mombasa. Msimtoboe mzee kutwa nzima, vidole vitamuuma ataikataa mashine. Mume wangu tulifanya hivi, unachagua mlo mmoja, unapima kabla na saa mbili baada ya kuanza kula, wiki hii chapati na maharage, wiki ijayo wali wa nazi, daftarini unaandika na alichokula. Daktari wetu alitaka kabla ya kula iwe 4.4 mpaka 7.2 na baada isizidi 10, wa baba yenu atawapa zake. Atobolewe pembeni ya ncha ya kidole sio katikati, uchungu unapungua sana. Sindano zilizotumika tia kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, na kifaa cha kutobolea asichangie na mtu hata mama.

nesi_kliniki
Kutoboa kidole hakufunguzi, masheikh wengi wamelisema hilo, apime bila wasiwasi. Ila akishuka chini ya 3.9 au akizidi 16.6 afungue muda huohuo hata kama imebaki nusu saa adhana. Na mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani aende kliniki wamuangalie kama anaweza kufunga na wampangie dawa upya, glibenclamide asiimeze kwenye daku kama alivyozoea bila kuuliza.

BintiPangani
Nimempigia binamu yuko Barabara ya 12, kesho anapita madukani kuuliza stripu. Nitawaambia ameona zipi.