AMX la viti viwili au Javelin: ninunue lipi?

Kijana wa Silinda Nane
Habari za jioni, ndugu zangu. Nimejiwekea akiba kwa miaka minne ili ninunue gari la American Motors, na sasa ninayo matatu ya kuchagua, yote hapa Minnesota: AMX la 1969 lenye injini ya inchi za ujazo 390, ambalo sakafu yake imeanza kuliwa na kutu, Javelin SST la 1970 lenye 360, lililo kamili na linaloendeshwa kila wiki, na Javelin AMX la 1973 lenye 401, ambalo mwenyewe alilifumua akalitia kwenye maboksi. Moyo unalitaka la kwanza. Naomba ushauri wa waliowahi kuyashika.

Mzee wa Kabureta
Moyo wako haujakosea, kijana wangu. Kati ya ekseli na ekseli AMX lile lina inchi 97, pungufu kwa 12 kuliko Javelin, na ufupi huo unausikia mara tu unapokata kona. Kuanzia 1968 hadi 1970 yalitengenezwa 19,134 tu. Hata hivyo, usiongeze hata dola moja kwa ajili ya kile kibati chenye namba kwenye dashibodi, kwa sababu namba ile haifuatani na namba ya chasisi wala na zamu ya gari kutoka kiwandani Kenosha, ingawa wauzaji huionyesha kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Mama Spana
Shikamoo, mzee. Kuhusu kibati tuko pamoja, lakini kutu ya Minnesota, penye barabara za kumwagiwa chumvi, si jambo la kupita hivi hivi. AMX langu nililinunua jioni, kwa mwanga wa simu, na nilipokunja zulia jipya nyumbani nikakuta bati limepigwa ribiti na kupakwa lami. Chini yake niliona saruji ya gereji. Magari haya hayana fremu iliyojitenga na bodi, hivyo sakafu ndiyo sehemu ya uti wa mgongo. Injini isikusumbue, kwani bloku za 290 hadi 401 zina umbo moja kwa nje, na ukiua moja utapachika nyingine. Zaidi ya hayo, kwenye viungo vya magurudumu ya mbele SST la 1970 lina boljointi juu na chini, wakati AMX la 1969 bado lina viungo vya zamani viitwavyo tranioni, ambavyo visipopakwa grisi hupiga kelele kama mlango wa ghala.

Namba Sita
Mbona la 1973 linasahauliwa? Mapaja yale ya mbele, yaani bodi iliyo juu ya matairi, yaliinuliwa ili matairi mapana ya mashindano yaingie, na dereva Mark Donohue akaipatia American Motors (AMC) ubingwa wa mbio za magari za Trans-Am mwaka 1971, kisha George Follmer akaurudia 1972. Usitishwe na nguvu za farasi 255 zinazoandikwa, kwa kuwa kufikia 1972 kipimo chenyewe kilikuwa kimebadilika. Injini hiyo hiyo mwaka 1971 iliandikwa 330. Nakiri tu kwamba gari la maboksi ni gari la kuhesabu bolti, na zitakazokosekana ni za urembo, ambazo hakuna duka lenye nazo.

Mzee wa Kabureta
Mama Spana amenishinda kwa hoja ya sakafu. Basi kijana, popote uendapo, acha injini ipate joto vizuri ndipo utazame presha ya oili ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Gia za pampu ya oili huzunguka ndani ya kifuniko cha taiming chenyewe, kile cha mbele ya injini, nacho ni cha alumini. Kikishalika, pampu mpya haitasaidia kitu.

Kijana wa Silinda Nane
Nimerudi. Kwenye sakafu ya AMX sumaku ilidondoka pande zote mbili, maana yake chuma hakipo tena. SST niliiendesha kwa nusu saa na presha haikutikisika, ila mvua ilinikuta mlimani, nikikanyaga mafuta wipa zinalala. Je, niombe apunguze bei?

Mzee wa Kabureta
Hapana. Wipa hizo huendeshwa na mvuto wa hewa ya injini. Achia pedali kidogo, zitaamka.