Mama amekutwa na saratani ya shingo ya kizazi hatua ya 2B. Mwanza, Dar au India? Naombeni ushauri

Kifungua_Mimba

Habari za jioni wakuu. Humu mimi ni msomaji tu, leo limenifika.

Mama yangu ana miaka 52, ni mjane, anakaa Sengerema. Kazi yake ni dagaa, anachukua visiwani anakuja kuuza Mwaloni Kirumba. Hedhi ilishakoma, halafu damu ikaanza tena. Wenzake wakamwambia ni ya uzee, inamalizikia tu, akakaa nayo kimya. Sisi tumekuja kujua tayari kuna harufu na kiuno kinamuuma hadi hakai sawa. Zahanati ya kwanza walimpa vidonge vya maambukizi, akarudi wakampa vingine, hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Mwishowe tukapata rufaa ya hospitali ya Bugando, hapa Mwanza. Kinyama kikachukuliwa, vipimo vikafanyika, majibu ni saratani ya shingo ya kizazi hatua ya 2B.

Daktari ametueleza kwa utulivu: imetoka kidogo nje ya shingo ya kizazi ila haijafika ukuta wa nyonga, na matibabu yanalenga kuponya, siyo kupunguza maumivu tu. Atapigwa mionzi siku tano za wiki kwa wiki kama tano, kila wiki dripu ya dawa inaitwa cisplatin, halafu amalizie na mionzi ya ndani, ile ya kifaa kinachoingizwa kupitia ukeni.

Sasa nyumbani ndiyo pamewaka moto. Mjomba anasema kama kweli inatibika mbona hawamtoi kizazi yaishe? Mdogo wangu wa Dar katuma video ya dawa mpya ya kinga huko Marekani, anataka tuuze kiwanja cha Buswelu mama apelekwe India. Baba mdogo ana mganga wake Magu, anasema mionzi inachoma watu, bora aanze na mizizi mwezi mmoja "damu ikauke kwanza". Mama mwenyewe ameninong'oneza: "Mwanangu, nirudishe nyumbani, msije mkamaliza mali kwa ajili yangu."

Mimi ndiye mkubwa, wote wananitazama. Waliopitia hili au wenye utaalamu, nisaidieni.

Sangara_Mbichi

Pole sana mkuu. Mungu amtie nguvu mama.

Nesi_Igoma

Pole kaka. Nimefanya kazi wodi za kinamama miaka mingi, nianze na la mjomba kwa sababu nalisikia kila wiki.

Upasuaji ni wa hatua za mwanzo kabisa, uvimbe ukiwa bado mdogo na umo ndani ya shingo ya kizazi. Ukishaingia kwenye nyama za pembeni, ambayo ndiyo 2B, daktari akikata kuna hatari kubwa aache mabaki, na mionzi mama ataihitaji vilevile, safari hii akiwa na kidonda cha tumbo. Mionzi pamoja na cisplatin ndiyo tiba ya hatua hii dunia nzima, tangu mwaka 1999 tafiti kadhaa zilipotoka kwa mpigo zikionyesha kwamba ukiongeza dawa juu ya mionzi wanapona wengi zaidi. Angekuwa India au Uingereza, msingi wa matibabu yake ungekuwa huohuo.

La mganga: mwezi mmoja ni mwingi mno, na hiyo mizizi ina ubaya wa pili. Cisplatin inapita kwenye figo na inazichosha. Ndiyo maana kabla ya dripu wanapima figo, na siku ya dripu anawekewa maji mengi. Mtu akija figo zimeshachoka kwa dawa za kienyeji, cisplatin anaweza kunyimwa. Na tafadhali, asikubali kuwekewa kitu chochote ukeni. Akitokwa damu nyingi, mleteni hospitali usiku huohuo, kuna namna ya kuizuia.

Halafu damu yake (hemoglobini) ni ngapi? Hujaitaja. Damu ikiwa chini, mionzi haifanyi kazi yake vizuri. Ndugu waanze kuchangia mapema, wasisubiri kuambiwa.

Tiba_Asili_Original

Ndugu usihangaike. Nina dawa ya unga inayoyeyusha uvimbe wa kizazi ndani ya siku 21 bila mionzi, wengi wamepona. Nipigie [namba imeondolewa na msimamizi]

Mzee_wa_Mwaloni

Huyu wa unga mara ya mwisho alikuwa anauza dawa ya nguvu za kiume na presha. Unga huohuo.

Fundi_Vifaa_Tiba

Mkuu, swali la Mwanza au Dar nalijibu kifundi, maana ugomvi mwingi wa familia unaanzia kwenye mashine.

Ziko za aina mbili. Ya kobalti ina chanzo cha mionzi chenyewe ndani, kobalti 60, ambacho nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi. Mgonjwa aliyekuwa akilala chini yake dakika mbili, chanzo kikizeeka atalala nne apate dozi ileile. Hakudanganywa, ni hesabu tu, ila foleni inarefuka na chanzo kipya ni ghali na kina taratibu ndefu za kukisafirisha. Ya pili ni linaki, inatengeneza mionzi kwa umeme. Inalenga vizuri zaidi na kuvinusuru viungo vya jirani, lakini inataka umeme usiotetereka, ubaridi, vipuri vya nje na mhandisi wake. Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar, wanazo linaki tangu 2018.

Watu wakisikia "ya kisasa" wanakimbilia Dar. Kwa saratani hii kobalti imeponya wanawake duniani kote kwa miaka na miaka. Kinachoharibu mambo ni kukatika katikati. Safari nzima, kuanzia siku ya kwanza ya mionzi ya nje mpaka ya mwisho ya mionzi ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane. Zikizidi, uwezekano wa kupona unashuka, kwa sababu seli zilizobaki hutumia hayo mapengo kuzaana upya.

Kwa hiyo mkifika hapo Bugando ulizeni: anaanza lini, na mionzi ya ndani atafanyiwa wapi na lini? Wakisema sehemu moja itabidi mwende Ocean Road, tarehe ya Dar ipatikane kabla hajaanza ya hapa. Nimeona hospitali moja (siitaji, na siyo lazima iwe ya nchi hii) mgonjwa akimaliza mionzi ya nje vizuri kabisa, kisha anakaa nyumbani kusubiri simu ya mionzi ya ndani mpaka uvimbe ukarudi. Mionzi ya ndani si ziada, ndiyo inayoumaliza uvimbe pale pale ulipo.

Dogo_wa_Buzuruga

Ila wakuu tuache siasa. Wazungu wameshapata dawa, sisi tunabaki na mashine za enzi za Nyerere. Auze kiwanja aende. Kiwanja kinatafutwa, mama hatafutwi.

Msoma_Majarida

Dogo, hasira yako naielewa ila tuipime hiyo dawa yenyewe. Nadhani video inazungumzia pembrolizumab. Kazi yake iko hivi: seli za kinga ni sungusungu wa mwili, na saratani inawaonyesha kitambulisho cha bandia wakiipita, wanadhani ni mwanakijiji. Dawa inakizuia kile kitambulisho wasikipokee, sungusungu wanaamka. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobeli 2018 kwa kugundua breki hizo za kinga, na kwa saratani kadhaa ni mapinduzi ya kweli.

Lakini soma kibali chenyewe. Marekani waliiidhinisha Januari 2024 itumike *pamoja na* mionzi na cisplatin, na ni kwa hatua ya tatu hadi ya nne A. Mama yupo 2B. Na waliopewa hawakuruka mionzi, waliipata yote, kisha dawa ya kinga ikaendelea kwa miezi mingi. Ukiuza kiwanja ukanunua dozi za mwanzo, zinazofuata utauza nini?

Kuna utafiti mwingine haukutengenezewa video kwa sababu hauna kampuni ya kuutangaza. Unaitwa INTERLACE, wanawake 500 kutoka Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil, ukachapishwa 2024. Nusu walipewa kwanza wiki sita za carboplatin na paclitaxel, dawa za saratani (kemo) za zamani ambazo hakimiliki zake zilishakwisha, halafu wakaendelea na mionzi na cisplatin kama kawaida. Baada ya miaka mitano walio hai walikuwa asilimia 80, dhidi ya 72 kwa walioanza na mionzi moja kwa moja. Hii ndiyo ya kumuuliza daktari wa mama, tena kwa adabu: "Tumesikia kuhusu kuanza na kemo ya wiki sita, inamfaa?" Anaweza kusema hapana, na akawa na sababu nzuri. Kwenye ule utafiti mionzi ilifuata ndani ya siku chache baada ya kemo kuisha. Pale ambapo foleni ya mashine haitabiriki, ukimpa kemo halafu akasubiri miezi, umeharibu zaidi ya ulivyotengeneza.

Ndiyo shida yenyewe ya utafiti wa saratani kwetu. Matokeo yanapatikana mahali ambapo mashine inasubiri mgonjwa, halafu yanaletwa mahali ambapo mgonjwa anasubiri mashine.

Mayu_wa_Nyegezi

Mwanangu Kifungua, mwangaluka. Mimi nilipigwa mionzi ya ugonjwa huuhuu na nipo, nauza nyanya.

Nikuambie ambayo daktari hana muda nayo. Mionzi yenyewe haiumi, unalala, mashine inalia, unaamka. Shida inaanza wiki ya pili au ya tatu: kuharisha, mkojo unachoma, uchovu ambao hata kuinua kijiko ni kazi. Dawa zake zipo, aseme, asivumilie. Mimi nilinyamaza kwa aibu hadi nesi mmoja akanibana. Chakula nilichoweza kula ni uji mwepesi na mchuzi wa sato, mafuta niliyaacha kabisa.

Asikae Sengerema akaja na kurudi kila siku. Najua sasa daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, hamngoji kivuko tena, lakini mwili wa mtu wa mionzi hauwezi hiyo barabara kila siku. Mtafutieni chumba au ndugu karibu na mjini. Wengi niliokuwa nao benchi moja walioacha, hawakuacha kwa sababu ya mionzi, waliacha kwa sababu ya nauli na mahali pa kulala. Nendeni ustawi wa jamii wa hospitali mapema mkaeleze hali yenu kama bima haipo, msingoje mpaka mfuko ukauke.

Na hilo la "msimalize mali kwa ajili yangu", kila mama analisema. Usimjibu kwa maneno. Mwambie tu kesho mnaamka saa ngapi.

Jambo jingine ni la chumbani, naliandika kwa sababu hakuna atakayemwambia. Mionzi inabana uke. Kuna kifaa na mafunzo ya kuuzuia usizibe, amuulize nesi wa kike. Hata kama baba hayupo, uke unahitajika uwe wazi ili wamkague baadaye.

Sangara_Mbichi

Mayu umetisha. Heshima kwako.

Kifungua_Mimba

Wakuu, wabheja sana. Nimeusoma uzi wote kwa sauti mbele ya mjomba na baba mdogo (cha chumbani nikakiruka, nimempa dada amwambie). Mjomba ameelewa. Baba mdogo hajaelewa ila amenyamaza, na kwetu kunyamaza kwake ni kura. Mdogo wangu bado amekasirika, anasema sisi ni maskini wa mawazo. Nimemwambia hela ya tiketi ya India alipe chumba cha mama Bugarika, amesema atafikiria.

Damu ni 7.8. Tunaanza kliniki Jumatatu.

Maswali mawili. Mama amepimwa virusi vya UKIMWI, majibu hatujaambiwa na sisi hatujauliza, je ina uhusiano? Na nina dada wa miaka 34, ana binti wa miaka 11. Hii kitu inarithiwa?

Nesi_Igoma

7.8 ni ndogo, watataka kumwongezea kabla ya kuanza. Njooni na wachangiaji, siyo na ahadi.

Majibu ya kipimo ni ya mama, akitaka atawaambia. Ila ujue tu: mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa kupata saratani hii mara sita ya asiye navyo, ndiyo sababu wanapima kila mtu. Akiwa navyo, atatumia dawa zake na mionzi anapata vilevile.

Hairithiwi kama mnavyodhani. Inaletwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, ambacho karibu kila mtu mzima hukutana nacho, wengi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumnyooshea mama au marehemu baba kidole. Dada aende kituo cha afya apimwe, shingo ya kizazi inapakwa siki na kuangaliwa, ni dakika chache, wakiona dalili za awali zinatibiwa mara nyingi siku hiyohiyo.

Msoma_Majarida

Huyo wa miaka 11 achanjwe dhidi ya HPV. Sindano moja tu, bure, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 zilikuwa mbili, kwa mabinti wa miaka 14.

Na Dogo wa Buzuruga asome hapa. Unajua kwa nini sasa ni moja? Sehemu ya ushahidi imetoka hapahapa Mwanza. Utafiti wa DoRIS ulianza 2017, wasichana 930 wa shule, wengine wakapewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Karibu wote waliopata moja walibaki na kinga mwilini baada ya miaka miwili. Kenya nao wakafanya wa kwao, ukiwemo upande wa Kisumu, dozi moja ikazuia maambukizi ya kudumu ya aina kuu hatari za HPV kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike. Mabinti wa pande zote mbili za ziwa hili wamebadilisha ratiba ya chanjo ya dunia.

Dogo_wa_Buzuruga

Hilo sikulijua. Sasa mbona kwenye chanjo tunaweza na kwenye mashine hatuwezi?

Fundi_Vifaa_Tiba

Chanjo inabebwa kwenye kibaridi na nesi mmoja juu ya bodaboda. Mashine inataka jengo la zege nene, daktari wa mionzi, mwanafizikia, mtaalamu wa kuiendesha, na mimi. Wote hao inachukua miaka kuwasomesha, na wakishaiva wanaitwa kwingine.

Kifungua, Jumatatu mfike mapema. Beba barua ya rufaa, majibu ya kinyama yale ya karatasi na siyo picha ya simu, CD ya kipimo, kitambulisho, na kadi ya bima kama ipo. Kopi mbili mbili. Na umwandike mtu mmoja tu wa kuongea na daktari, msiende sita.

Mzee_wa_Mwaloni

Huyu mama wa dagaa kutoka Sengerema kama ndiye ninayemfikiria, meza yake tutaiangalia. Damu yangu ni O, na vijana wa kupakua mizigo wako kumi na kitu hapa. Tuma siku na saa.