Wametufutia kompyuta zote wakidhani tunachimba sarafu. Naaga wenzangu, na naaga kwa hasira

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nimeghadhibika na sitaficha. Kompyuta zote za chumba chetu hapa Chake Chake zimefutwa. Mkubwa mmoja kaingia na fundi wake siku ya Ijumaa, sisi tuko msikitini, na tuliporudi tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni: ni marufuku kuchimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wa ofisi, yaani kuzipigisha mashine hesabu ili mtu apate pesa kama Bitcoin. Basi, imekwisha hiyo. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa.

Hakuna aliyekuwa akichimba sarafu mle ndani! Na kwa kuwa uvumi umeshafika kila barza, nieleze tulichokuwa tukifanya.

Kompyuta ikiwashwa na mtu akawa anaandika barua tu, nguvu yake nyingi inakaa bure. Huko duniani kuna wanasayansi wenye hesabu kubwa mno, hawana mitambo ya kuzimaliza. Wanazikata vipande vidogo vidogo na kuvituma kwa waliojitolea. Mashine yako inapiga hesabu ya kipande chake wakati haina kazi, kisha inarudisha jibu. Aghalabu kipande kimoja hupewa mashine mbili za watu wasiojuana, majibu yalinganishwe, asije mtu akadanganya. Unachopata ni pointi, na pointi zile hazinunui hata andazi. Sasa huyo mchimba sarafu anayechimba pointi zisizonunua andazi ni wa aina gani?

Mimi nilianzia kwenye SETI@home, mradi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, iliyoanza Mei 1999. Walikuwa wakitafuta ishara za viumbe wenye akili ndani ya mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico. Mamilioni ya watu walijiunga. Lakini kilichonikamata hasa ni malaria. Taasisi ya Uswisi, mjini Basel, ilikuwa na mradi wa malariacontrol.net: kompyuta zetu zinaigiza umma mzima wa watu, nani kang'atwa na mbu, nani ana kinga, kisha unauliza ukigawa vyandarua itakuwaje, ukitoa dawa itakuwaje, ukileta chanjo itakuwaje. Mtu wa Pemba anayekumbuka homa za utotoni, wadi imejaa watoto wawili wawili kitanda kimoja, haambiwi kazi hiyo ina maana gani. Leo maambukizi Zanzibar yako chini ya asilimia moja. Sidai ni kwa kompyuta zetu, hasha. Ni vyandarua, ni dawa zilizopulizwa majumbani, ni wahudumu waliopita nyumba kwa nyumba. Lakini walau nasi tulitia mkono katika elimu ya ugonjwa uliotuzikia ndugu.

Mradi ule ulipofungwa tukahamia kwenye mvua. World Community Grid, jukwaa jengine la kompyuta za kujitolea, ilianza mradi wa mvua za Afrika mwaka 2019 pamoja na Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi: kuigiza mvua ya nchi zote za kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita moja moja, kwa sababu mvua zetu hizi za ngurumo zinashuka shamba hili na kuliruka la jirani. Nani asiyejua hapa? Umeanika karafuu kwenye mikeka, Mtambile kunawaka jua, wewe Mkoani unakimbia kuzoa.

Kazi za mvua zilikuwa nzito. Kila moja inaigiza saa 48 za eneo dogo, na kwenye mashine zetu kongwe inakwenda mpaka kesho yake. Inajihifadhi kila ikipiga asilimia 12.5, kwa hiyo umeme ukikatika ikiwa 24 kazi inarudi 12.5 na kuanza tena hapo. Vijana walikuwa wanakaa mbele ya skrini wakiomba Mungu ifike 25. Kuna msichana wa skuli ya sekondari, hakuwa hata na simu yake, alijifunza kufungua kasha la kompyuta, kupuliza vumbi la feni na kubadilisha memori kwa ajili ya kazi hizo. Sasa kaambiwa kwao kwamba alikuwa na genge la wezi wa umeme. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote.

Na huo umeme wenyewe, pesa za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, tulikuwa tukichangishana sisi! Risiti ninazo. Sisi ni watu tuliotoka kwenye majenereta ya Wesha, waya wa baharini kutoka Tanga haukufika mpaka 2010, thamani ya uniti moja tunaijua bila kufundishwa. Mkubwa angeuliza angeonyeshwa risiti, angeonyeshwa programu, angeonyeshwa majibu yaliyorudishwa yakiwa na jina la timu ya Pemba. Dakika kumi tu.

Angalieni wenzetu walivyoaga. SETI@home iliacha kutuma kazi mwishoni mwa Machi 2020, ikatangaza kabla, ikatoa sababu: data za kutosha zimeshapigwa hesabu, sasa wanakaa kuyachambua majibu. Watu wakapata nafasi ya kumaliza vipande vyao na kupeana mikono ya kwaheri. Sisi vipande vyetu vimefutwa katikati. Wanaosubiri majibu watangoja muda upite ndipo wampe mtu mwingine aanze upya.

Kwa wenzangu wa timu, Unguja, Mombasa, Muscat, na yule mzee mstaafu wa Ujerumani aliyekuwa akinijibu kila mashine zikigoma: nisameheni kwa kuondoka ghafla, sina tena kompyuta ya kutia kazini. Nimekaa nanyi miaka mingi na hamkuwahi kunifanya nijione mgeni.

Kwa mkubwa yule, najua utasoma: bandua karatasi yako, uandike nyingine yenye ukubwa ule ule, useme umekosea, uibandike mlango ule ule. Kisha uende mwenyewe kwa wazazi wa yule msichana.

Na nyinyi mlioandika humu "safi sana, wakome", risiti za Tukuza nitaziweka hapa chini leo baada ya Isha. Uongozi wa timu nimemkabidhi kijana mmoja wa Wete mwenye laptopu yake. Mwenye mashine na nia anitumie ujumbe nimuunganishe naye.