Ukoo wa Bi Tatu, Pangani

*Ijumaa, Novemba*

10:12 Shangazi Zuhura: Assalaam alaykum. Nakumbusha tena, kesho usiku ufukweni kutazama nyota, ni giza la mwezi. Rukia kauliza nyuma ya ulimwengu kuna nini, mwalimu kamwambia akae chini. Siku ya tatu leo mtoto hatulii. Nani anakuja? Nani analeta jamvi?

10:40 Shangazi Zuhura: Naona mmesoma watu 14.

12:41 Hamisi: Nyuma ya ulimwengu yuko muuza pweza ananidai 😂

12:42 Mwanaidi: 😂😂

12:45 Shangazi Zuhura: Hamisi, unakuja au huji?

13:20 Salum Muscat: Waalaykum salaam. Shangazi, mwambieni hivi. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Tunaona ule mwanga tu uliopata muda wa kutufikia. Na kwa kuwa anga linatanuka, vilivyoutoa mwanga wa zamani kabisa sasa viko kama miaka ya mwanga bilioni 46 kila upande (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka). Hapo ni mwisho wa macho, si ukuta. Ng'ambo yake huenda zimo nyota kama hizi hizi.

13:24 Mwanaidi: Linatanukia ndani ya nini?

13:31 Salum Muscat: Si lazima liwe ndani ya kitu. Fikiria andazi linaumuka, ila usitafute karai.

13:32 Mwanaidi: Salum una njaa wewe 😂

14:05 Mama Rukia: Darubini tuliyochangia mwaka juzi iko wapi? Nilitoa 20,000.

14:06 Shangazi Zuhura: Mama Rukia, si leo.

14:06 Mama Rukia: Anayeuliza ni mwanangu. Ni leo.

14:50 Hamisi: Mnajua ilikokwenda. Msinianze.

20:31 Babu: Wajukuu. Nimeendesha jahazi Pangani hadi Unguja. Ukiufuata upeo unasogea, na Unguja iko huko huko usikoiona. Usiku wa Miraji, wa kupaa mbinguni, penye Mkunazi wa Mwisho, Jibrili alisimama, Mtume (s.a.w.) akaendelea. Sijasoma popote kwamba mtoto asiulize. Rukia mleteni kwangu. Na darubini irudi.

20:33 Mwanaidi: Shikamoo Babu. Tumesikia.

20:58 Mama Rukia: Shikamoo Babu. Ahsante.

21:10 Shangazi Zuhura: Basi iwe kwa Babu saa 2 usiku, au bado ufukweni? Huku mawingu yanatanda.

21:44 Salum Muscat: Yakifunguka tazameni kaskazini, kidoa cha ukungu. Ni Andromeda, galaksi, yaani kundi kubwa la nyota. Mwanga wake umetoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita.

23:48 Hamisi: Jamvi nalileta mimi.

23:49 Mama Rukia: Na darubini?