Naomba ushauri: mto umejaa maji ya theluji, nivue humo humo au nipande ziwani?

Mtoa mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimetenga siku tano za mwisho wa majira ya kuchipua kwa ajili ya kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia (ndoana zilizovishwa manyoya zifanane na wadudu) milimani, na sasa nahofia kwamba nimechagua wakati mbaya. Mto ambao mwanzoni mwa vuli iliyopita niliuvuka bila maji kufika magotini, leo umejaa hadi kwenye mizizi ya miti, una rangi ya chai ya maziwa, na nilipoingiza mguu ukingoni sikuliona buti langu. Juu zaidi, mwendo wa saa tatu kwa miguu, kuna maziwa mawili madogo: la chini barafu yake imekwisha tangu wiki mbili zilizopita, ila la juu bado lina barafu katikati na maji meusi kuzunguka kingo. Nina fimbo moja ya kati, mshipi unaoelea, na kisanduku ambacho, nakiri, kimejaa nzi wa kuelea wa kiangazi. Je, mto wa namna hii unavulika? Na kama hauvuliki, ni ziwa lipi linalofaa?

Mzee wa Kingo

Mwanangu, usiukatie tamaa mto kwa sababu ya rangi yake. Theluji huyeyuka jua linapokuwa kali, kwa hiyo maji hupanda mchana na kupungua usiku. Amka alfajiri utayakuta yameshuka na yametulia kidogo. Samaki hawakai katikati wakati huu, kwa maana wangemaliza nguvu zao zote wakipambana na mkondo. Wamesogea kwenye majani yaliyozama, nyuma ya mawe makubwa, na upande wa ndani wa kona ambako maji huenda polepole, mara nyingi hatua moja tu kutoka nchi kavu. Wavuvi wengi huwakanyaga kwanza, kisha hurusha mshipi mbali kuwatafuta. Vua pale unapotaka kusimama, ndipo usimame.

Nzi wako wa kuelea waache kisandukuni. Tumia tunutu bandia (mfano wa mdudu mchanga aishiye chini ya maji) mkubwa, mweusi au wa kahawia, pamoja na mfano wa mnyoo, kwa sababu mafuriko hung'oa vyote viwili kutoka chini na kuviburura hadi kingoni. Ongeza chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, hadi uhisi inagusa mawe mara kwa mara. Isipogusa, unavua juu ya vichwa vyao. Uzi wa mwisho usiwe mwembamba kuliko milimita 0.20, kwani katika maji machafu samaki hauoni, nawe utauhitaji kumzuia asikimbilie mkondo.

Kipimajoto

Namheshimu Mzee, na kuhusu kingo sina la kuongeza, ila hilo la alfajiri lina masharti. Maji yaliyoyeyuka saa nane mchana hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja. Karibu na theluji mto hujaa jioni ile ile, lakini kilomita nyingi chini ya hapo wimbi hilo laweza kupita usiku wa manane, au hata asubuhi, wakati mvuvi anapofika akiamini kwamba ndiyo saa ya maji machache. Njia ya kujua ni rahisi mno: chomeka kijiti pale maji yanapoishia, ukikague kila baada ya saa mbili kwa siku nzima. Kijiti hicho kitakueleza zaidi kuliko sisi sote hapa.

Jambo la pili ni joto la maji. Trauti hula vizuri kati ya nyuzi 10 na 16 hivi za Selsiasi. Chini ya nyuzi 5 hula pia, lakini hatasogea mbali kufuata chakula, ni lazima kimpitie mdomoni. Basi alfajiri maji huwa safi lakini baridi, na alasiri huwa na joto kidogo lakini machafu. Mimi hutafuta upenyo uliopo katikati, kuanzia saa nne asubuhi hadi maji yanapoanza kupanda tena, na sijutii kulala hadi jua litoke. Angalia pia hali ya usiku: zikifuatana siku mbili tatu za mawingu na usiku wa kuganda, theluji hupunguza kuyeyuka na mto hushuka. Mto unaoshuka, hata kama bado ni mkubwa, ni bora kuliko mdogo unaopanda. Mvua ikinyesha juu ya theluji, funga fimbo uondoke.

Binti Ziwa

Kaka, ningekuwa wewe ningeshinda siku tatu kati ya hizo kwenye ziwa la chini. Maji huwa mazito kuliko yote yanapofikia nyuzi 4 hivi, kwa hiyo barafu inapotoka na uso wa ziwa kufikia joto hilo, ziwa zima huwa na uzito mmoja na upepo huweza kulikoroga kutoka juu hadi chini. Siku hizo za kwanza samaki hutawanyika na ni vigumu kuwatabiri. Baada ya wiki moja au mbili huja kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye tope jeusi linalopata jua la mchana, kwa sababu huko ndiko kunakopata joto mapema na wadudu huanza kutoka.

Hapo chakula kikuu ni usubi wasiouma, wakiwa bado pupa (hatua kati ya buu na mdudu mwenye mabawa) wanaopanda polepole kuelekea juu. Ning'iniza wawili bandia, wadogo na wembamba, chini ya boya, mmoja karibu na sakafu na mwingine juu yake kidogo, kisha usifanye kitu. Kutokufanya kitu ndiyo kazi ngumu. Simama kwenye ukingo unaopigwa na upepo, kwani uso wenye joto na chakula chake husukumwa huko, ingawa utachukia kurusha mshipi.

Ziwa la juu liache. Ni kweli samaki hupita kandokando ya barafu, lakini barafu ya wakati huu imeoza, isikanyagwe hata hatua moja.

Mtoa mada

Nawashukuru sana. Swali dogo: nikivaa suruali ya mpira naweza kuvuka mto nifike upande wa pili, ambako kona inaonekana nzuri zaidi?

Mzee wa Kingo

Usivuke. Maji ya theluji hukukata pumzi dakika ya kwanza, na baada ya dakika kumi hivi vidole havishiki tena kitu. Funga mkanda kiunoni, shika gongo, usipite goti. Na ukiona baka la changarawe safi, nyeupe kuliko mawe yaliyolizunguka, huenda ni kitanda cha mayai. Zunguka mbali, na samaki walio juu yake usiwarushie nzi.

Mtoa mada

Narudisha taarifa. Kijiti kilionyesha kwamba maji yalikuwa chini kabisa saa nne asubuhi, yakaanza kupanda saa tisa alasiri. Kipimajoto kilisoma nyuzi 4 kulipokucha na 7 saa sita mchana. Sikupata kitu hadi saa tano na nusu, kisha nikapata wawili kwa tunutu mweusi, wote umbali wa urefu wa fimbo kutoka miguuni pangu. Mmoja, nilipomtoa ndoana, alikuwa na mguu wa tunutu halisi umenasa pembeni mwa mdomo. Leo niko ziwani, na maganda ya usubi yamejikusanya kwenye pembe yenye upepo kama pumba. Boya limezama mara nne, samaki ni mmoja, kwa kuwa nilikuwa nikitazama maganda. Kijiti nimekiacha pale pale mtoni; nikishuka kesho kutwa nitakikagua kabla ya kufungua fimbo.